Gari Lisilo na Breki Lisiingie Uani

Quartzsite, Arizona
9 Novemba 2003

Delmar mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi yangu Inga. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi halipokei amri. Nilifika hapa wiki iliyopita na jangwa limeanza kujaa. Kila siku yanaingia magari-nyumba mengine, wazee wenzangu tunaoikimbia theluji, kila mmoja anaburuta kigari chake nyuma kama mbuzi wa mnadani. Jirani yangu safari hii anaitwa Bernadine, mjane kama mimi, aliyeendesha basi la shule huko Ohio mpaka wakamlazimisha kustaafu. Ana sauti hiyo! Akisema habari za asubuhi, sungura wanahama.

Maua yenu ya msiba yalifika, asanteni sana. Roscoe alizikwa vizuri, kwao Oklahoma, na mvua haikunyesha. Ile kadi niliitazama mbele na nyuma nikitafuta mwandiko wako, nikaona wa Inga peke yake. Haya. Juni ni mwezi wa kazi, najua.

Sasa shida yangu. Nataka kigari changu kifungwe breki. Wewe unajua kuliko mimi: nyumba hii ya magurudumu ina breki zake, lakini kigari kinachovutwa nyuma hakina wa kukikanyagia, kwa hiyo kwenye mteremko kinanisukuma tu. Kuna sanduku linauzwa, linakaa sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa kigari, lina mkono wa chuma unaokanyaga pedali kila ninapofunga breki huku mbele. Nimeshalinunua, liko chini ya kitanda. Kinachonishinda ni nyaya. Kijitabu chake kimeandikwa na mtu asiyependa watu.

Utasema nimpe fundi. Sitaki fundi. Nataka wewe unielekeze, nifunge kwa mikono yangu. Ndiyo, mimi, na miaka yangu sitini na minane. Cheka, ukimaliza uniandikie.

Wala usiniulize kwa nini sasa, na ninakwenda nacho wapi. Nakumbuka ulichosema mezani Agosti ile, miaka minane iliyopita, viazi bado vinafuka moshi: "Gari lisilo na breki lisiingie uani kwangu." Roscoe, Mungu amrehemu, alisikia kwamba anafukuzwa yeye. Akachukua funguo, nami nikamfuata chakula kikiwa mdomoni, maana ndiye mume wangu. Tangu siku hiyo sijalala chini ya paa la nyumba tuliyozaliwa. Sikuombi uyafute maneno yako. Nakuomba mchoro wa nyaya.

Ya simu usiniambie. Mara ya mwisho tuliongea dakika tatu tukagombana nne. Andika kwa posta ya hapa, mimi hupita kila Jumatatu.

Dada yako,
Ardith


Tverdal, Montana
28 Novemba 2003

Dada Ardith,

Barua yako imefika. Wazima. Theluji imefika dirishani mwa karakana. Mbwa amezaa tena na Inga anagawa watoto wake kanisani kwa nguvu. Siku hizi ukija kusali unaondoka na mbwa.

Nilichosema mezani nilikisema juu ya gari. Roscoe alikuwa na masikio yake. Marehemu hasemwi, tuishie hapo.

Mafundi wamejaa huko. Lakini wewe hujasikia la mtu tangu ujifunze kutembea, basi sikiliza hili la nyaya.

Umeme wa sanduku utoe kwenye betri ya kigari chenyewe, kwa waya mnene, na uweke fyuzi karibu kabisa na betri. Waya wa ardhi ufunge kwenye chuma kitupu. Kwangua rangi kwanza. Watu wengi hawakwangui, halafu wanalaumu kiwanda.

Pili, juu ya pedali ya breki utaona swichi ndogo ya taa za nyuma. Ina nyaya mbili. Mmoja una umeme muda wote, mwingine unapata umeme pale tu pedali inapokanyagwa. Unganisha waya mwingine kwenye huo wa pili, uupeleke mbele mpaka kwenye taa ndogo utakayoweka kwenye dashibodi ya nyumba. Taa hiyo ikiwaka unajua breki za kule nyuma zimekanyagwa, ikizima unajua zimeachiwa. Kitabu changu kinasema kwa kigari chako ni waya mweupe.

Tatu, swichi ya dharura. Ifunge usoni pa kigari, karibu na bampa. Ina pini, na pini ina kamba ya chuma. Kamba ufunge mbele. Kigari kikichomoka njiani, kamba inavuta pini, swichi inapeleka umeme, sanduku linakanyaga pedali na kigari kinasimama chenyewe. Hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Kabla hujaweka sanduku, zima injini na ukanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu kama jiwe. Usipofanya hivyo sanduku litakanyaga kupita kiasi na utachoma breki.

Usilehemu ukiwa na njaa. Unatetemeka ukiwa na njaa.

Delmar

Wifi yangu mpenzi, hii ni Inga. Nimewekea humu kipande cha utepe mweusi wa umeme, amesema wa madukani huko haugandi. Barua yako imekaa mfukoni mwake wiki mbili, akienda kulisha ng'ombe inakwenda naye. Usishangae maandishi makubwa. Ameanza kutumia kalamu ya kuandikia magunia, anasema zile nyembamba zimekwisha madukani.


Quartzsite, Arizona
4 Januari 2004

Delmar mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote, na kwa mbwa wote wa kanisani. Krismasi tuliila nje, nimevaa kofia ya jua, halafu nikaingia ndani nikalia kidogo kwa sababu hakukuwa na lefse, zile chapati zetu za viazi. Nilijaribu kuzitengeneza kwa viazi vya huku. Zilitoka kama soli. Bernadine alikula tatu kwa heshima, nikampenda zaidi.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilitaka nikuandikie na habari. Sasa ninazo. Mdogo wangu, nimelala kichwa chini miguu juu ya kiti, siku tatu, chini ya dashibodi ya kigari! Miguu yangu ilikuwa inatokeza mlangoni, na wapita njia wakamwuliza Bernadine kama nimekufa. Akawaambia, "Bado, anatukana." Waya mnene nimeupitisha, fyuzi nimeweka, rangi nimekwangua mpaka chuma kikang'aa. Nimekata waya mweupe kama ulivyosema, nikaunganisha, nikalehemu (nikiwa nimeshiba), nikazungusha utepe wa Inga. Nikaenda mbele. Taa inawaka! Nilipiga kelele wakatoka watu wa magari manne. Tulikunywa kahawa kwa ajili yake. Ikakaa inawaka mchana kutwa, inang'aa kabisa, na mimi kila nikipita naiangalia kama mtoto wa kwanza.

Kesho yake Bernadine akaniuliza, "Mbona inawaka na hakuna aliyekanyaga kitu?" Alaa! Kumbe nimeunganisha kwenye waya wenye umeme muda wote. Tukakopa kitabu cha nyaya kwa mzee mmoja hapa, kile kile cha jalada la kijani kama chako. Kinasema mweupe ndio wa muda wote. Wa breki ni wa kijani. Kimeandika wazi, herufi ndogo lakini wazi.

Delmar, wewe ulisoma kitabu cha nyaya ukiwa na miaka kumi na mitano kama wenzako walivyosoma vibonzo. Hujawahi kusoma mstari vibaya. Macho yako vipi?

Nilipoona posta bahasha yenye maandishi makubwa vile nilidhani imetoka kwa mtoto wa shule.

Usiku hapa jangwani kimya kinakuwa kingi mno. Roscoe alikuwa anakoroma, na nilikuwa nikimlaumu. Huwa nafumba macho napita vyumba vya nyumba yetu kimoja kimoja, mpaka kile cha juu chenye mlango unaoburuza, na nikifika hapo naanza tena upya. Nimepakumbuka nyumbani, Delmar. Basi, nimesema.

Dada yako,
Ardith


Tverdal, Montana
27 Januari 2004

Dada Ardith,

Wazima. Baridi imevunja bomba la maji la zizini. Nimelitengeneza.

Taa inayowaka muda wote haikuambii kitu. Mlikunywa kahawa ya bure.

Waya wa kijani basi. Kata ule mweupe ulipounganisha, ufunge vizuri usije ukagusa chuma. Rudia kupima: mtu akanyage, taa iwake, aachie, izime. Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya kuondoka, na wakati unafunga kigari kwenye nyumba usimruhusu mtu akusemeshe. Huko kwenu watu wana tabia ya kuja kuagana mtu akiwa ameshika pini ya kufungia kigari mkononi. Anakumbatiwa, analia, anapanda, anaondoka, pini iko mfukoni. Waage jana yake.

Macho yangu yako mahali pake.

Mlango wa juu nimeupiga randa. Hauburuzi tena.

Delmar


Quartzsite, Arizona
20 Machi 2004

Delmar mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Inga. Goti limetulia. Joto limeanza kutufukuza na jangwa linapungua watu. Mwezi Februari sikukuandikia. Niliudhika. Dada anakuuliza habari ya macho, wewe unamjibu kwamba yako mahali pake, kana kwamba nilikuuliza kama yameanguka. Halafu nikasoma ule mstari wa mlango, nikausoma tena. Nani alikuambia uupige randa? Mimi niliupenda unavyoburuza. Lakini asante.

Kazi imekwisha! Waya wa kijani ulikuwa ndio wenyewe. Bernadine akikanyaga, taa yangu inawaka; akiachia, inazima. Tumezunguka barabara ya jangwani mara nyingi, kwenda na kurudi, na nimefunga breki ghafla mpaka sahani zikatoka kabatini. Kigari kimesimama nyuma yangu kama askari. Sikujua, Delmar. Miaka yote ile na Roscoe nilizoea kushika kiti kila tukishuka mlima, nikidhani ndivyo kusafiri kulivyo.

Na ile kamba ya pini, ulisema nifunge mbele. Ilikuwa inaning'inia ovyo ikanikera, nikaifunga kwenye mkono wa kuvutia, ule wa chuma ulioshika kigari na nyumba. Nimeizungusha, nikaikaza, imekaa safi kama mshono wa blanketi. Ungeiona ungenisifu.

Basi ninaondoka tarehe tano Aprili. Nitakaa Kingman wiki nzima kwa rafiki wa zamani wa Roscoe anayeumwa. Halafu Cedar City, halafu Malad, halafu Dillon. Kote huko nitauliza posta kama kuna barua yangu, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, kwa hiyo ukiwa na neno, andika "asubiriwe" juu ya jina langu. Baada ya Dillon barabara inagawanyika. Moja inakwenda mashariki, kwa binamu zetu wa Minnesota, ambao wameniandikia mara mbili kuniambia karibu. Nyingine unajua inakokwenda.

Sijasema nitashika ipi. Minnesota wamesema karibu. Hilo tu ndilo ninalokuambia.

Dada yako,
Ardith


Tverdal, 6 Aprili 2004
Kwa posta ya Kingman, asubiriwe

Ardith,

USIONDOKE KINGMAN.

Kamba umeifunga pabaya. Mkono wa kuvutia ndio unaoweza kuchomoka. Ukichomoka kwenye nyumba, unaondoka pamoja na kigari, na kamba yako safi inaondoka pamoja nao, na pini inabaki imetulia mahali pake. Hakuna kitakachoivuta. Kigari kitashuka mlima peke yake kwenda kwa watu.

Ifungue. Ifunge kwenye chesisi ya nyumba yenyewe, kwenye chuma kisichofunguka. Iwe ndefu ya kukuruhusu kukata kona, isiwe ndefu ya kuburuza chini. Ni kazi ya kunywa chai.

Kosa ni langu pia. Niliandika "mbele", sikuandika mbele ya nini. Na barua yako nilichelewa kuisoma.

Inga amewapigia polisi wa barabara. Wamemuuliza, kosa la huyo mama ni nini? Akasema amefunga kamba vibaya. Wamemsikiliza kwa upole.

Delmar


Tverdal, 6 Aprili, jioni
Kwa posta ya Cedar City, asubiriwe

Dada,

Kama uliikosa ya Kingman: kamba iondoe kwenye mkono wa kuvutia, ifunge kwenye chesisi ya nyumba. Fanya hapo hapo nje ya posta.

Inga amenitajia miteremko yote iliyoko njiani kwako, mmoja baada ya mwingine, kidole kwenye ramani. Nimemwambia anyamaze, halafu nikamwambia aendelee.

Nikuambie jambo. Agosti ile, wiki moja kabla hamjaja, niliitwa niende na gari langu la kuvutia magari mpaka kwenye mlima ule wa mtoni. Watu kama ninyi, kigari kama chenu, kimechomoka. Kilikwenda peke yake kikaingia jikoni kwa watu waliokuwa wanakula. Hakikuua mtu. Bampa la mbele lilikuwa limekaa kwenye sahani. Wiki moja baadaye ninyi mmekaa mezani kwangu, nimekuona na uma mkononi, na Roscoe anafanya mzaha kwamba breki ni za waoga.

Nilikuwa naogopa, Ardith. Naogopa kwa ajili yako. Maneno yaliyotoka ndiyo yale.

Delmar


Tverdal, 7 Aprili
Kwa posta ya Malad, asubiriwe

Dada,

Kamba kwenye chesisi. Kama umekwisha kuihamisha, samahani kwa kelele.

Inga amesema nisiandike tena, kwamba barua mbili zinatosha. Amekwenda kulala. Huwa siwezi kulala mpaka nijue uko wapi, na sijui.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tano Machi. Inga alikuwa Fargo kwa dada yake aliyevunjika nyonga. Bahasha niliitambua kwa rangi ya njano. Niliifungua, nikaipeleka dirishani, nikaipeleka chini ya taa ya karakana, nikachukua lenzi. Sikuona neno. Ikakaa chini ya bakuli la sukari mpaka Inga aliporudi juzi na kunisomea. Siku zote hizo ulikuwa umeniambia kosa lako, liko mezani pangu, na mimi nakunywa kahawa karibu nalo.

Kitabu cha kijani nacho sikukisoma. Nilibahatisha.

Daktari wa Billings anasema hayarudi. Anasema mpaka mavuno nitakuwa najua tu kama ni mchana au usiku. Haya, umeuliza, nimejibu.

Usimwambie Inga kwamba nimekuambia. Ataniambia si alisema nikuambie zamani.

Delmar


Tverdal, 8 Aprili
Kwa posta ya Dillon, asubiriwe

Dada Ardith,

Njoo nyumbani.

Usiende Minnesota. Wao watakuona mwakani, na mwaka mwingine, wana muda. Mimi nataka kukuona uso wako wakati bado naona. Nikifumba macho nakupata ukiwa na miaka kumi na miwili, umepanda juu ya ghala, unanifanyia meno. Huyo ni mtoto. Sijui dada yangu amezeekaje. Sijui nywele zako ziko vipi. Miaka minane nimekaa na kinywa changu kimefungwa na sasa siku zinaniishia.

Ningekuja mimi, ningekuja leo, lakini siwezi tena kuendesha.

Nimekukumbuka. Nilikukumbuka siku ile ile, kabla vumbi la njiani halijatua. Njoo. Uje na chochote, uje vyovyote.

Delmar


Dillon, Montana
20 Aprili 2004

Delmar mdogo wangu,

Nimezipata zote nne.

Kamba ilikwisha kuhamishwa kabla sijatoka Quartzsite, Mungu ni mwema. Asubuhi ya kuondoka Bernadine alizunguka nyumba yangu akikagua, maana huko hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla mwingine hajamzungukia. Akainama, akapiga ukelele ambao nadhani uliusikia huko, "Wee Ardith! Umemfunga mwizi kwenye mguu wa mwizi mwenzake!" Tukaihamisha. Sikukuandikia kwa kuwa niliona barua ingechelewa bure, na kwa kuwa hukunijibu nilidhani hukuliona kosa. Sikujua unahangaika hivyo. Nisamehe kwa siku hizo.

Ya Kingman niliisoma nikacheka, nikasema, huyu ndiye ndugu yangu. Ya Cedar City nilikaa nayo kwenye ngazi ya posta mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia nilifiwa mwaka jana, hii ni habari nyingine. Roscoe angeijua ile habari ya jikoni angefunga breki siku ile ile, Delmar. Alikuwa na mdomo, lakini hakuwa mjinga. Wala mimi nisingekaa miaka minane nikidhani kwamba ndugu yangu hanitaki. Ya Malad nilirudi ndani, nikajifunga, nikalia kwa sauti, sikujali majirani. Ungeniambia Novemba ningekuja Novemba, kwenye theluji, na kigari kikinisukuma matakoni.

Ya Dillon nimeisoma leo. Nimeigeuza nikatafuta na nyuma. Umeniandikia ukurasa mzima, na hakuna neno breki.

Nimeshawaandikia Minnesota kwamba siji.

Naondoka alfajiri. Najua nitafika kabla ya barua hii, lakini naitia posta hivyo hivyo. Ikifika nitakusomea mwenyewe tukiwa tumekaa jikoni. Njiani nitalala usiku mmoja, makusudi, ili niingie uani mchana, jua likiwa juu kabisa. Usitoke kunisubiri getini, utapata baridi. Kaa barazani. Nitazima injini, nitashuka, nitakuja mpaka karibu, karibu kabisa na uso wako, nitavua miwani na kofia, na nitasimama hapo hapo. Uniangalie, Delmar. Uniangalie mpaka uchoke.

Dada yako,
Ardith